Seremala Aliyefunga Pazia Mapema

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, viongozi wa jumuiya, ndugu na majirani, nanyi wa Kikundi cha Maigizo cha Njoro mliojibanza kule nyuma ya turubai kama mlivyozoea kujibanza nyuma ya jukwaa, familia imemtuma Thadeus, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, Valerian Melkior Mtui, na kabla hajaanza imemtaka aseme jambo moja waziwazi. Tulikaa juzi sebuleni kupanga nini kisomwe na nini kiachwe, wengi wetu tukaona kwamba habari za wivu wake si za kusomwa mbele ya jeneza, lakini mjane, Mama Theodora, akasema kwamba tukiuondoa wivu tutakuwa tunamzika mtu mwingine, na yeye hawezi kuvaa nguo nyeusi kwa ajili ya mtu asiyemjua. Basi tumeuacha ndani, na mtausikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 hapa Kilema, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Melkior Mtui na Mama Kornelia, ambao wote wametangulia mbele ya haki, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Valeriani, padre aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina. Alikulia katika kihamba hiki hiki, shamba la ukoo, kati ya kahawa na migomba, akikata majani ya ng'ombe asubuhi na kuchota maji mferejini jioni, mtoto mpole mwenye mikono mikubwa, ila mdogo wake alipozaliwa aligoma kumtazama, akakaa nje ya nyumba akila ndizi mbichi za kuchoma, mpaka mama yao alipotoka na kumhakikishia kwamba mapenzi hayajagawanywa. Wazee wanasema hakuamini, na inavyoonekana hakuamini mpaka ukubwani.

Mwaka 1965 alianza shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, na kuanzia 1972 hadi 1974 alisomea useremala Moshi mjini, ambako mwalimu wake alimsifu kwa viungo vya mbao vilivyoshikana bila msumari, akamwonya kwamba anachelewa mno kumaliza kazi. Sifa hiyo na onyo hilo vilimfuata maisha yake yote.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika karakana ya Bwana Kulwant Singh pale Njoro, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2012 akiwa msimamizi wa mafundi. Bwana Kulwant, aliyeketi hapa mbele kwa kilemba cheupe cha msiba, alirithi karakana kwa baba yake, lakini ugonjwa wa maigizo aliupata mwenyewe, na mwaka 1981 alianzisha kikundi, kila Jumamosi jioni mafundi wakawa wanafagia maranda, wanasogeza mashine ukutani, na karani, mwuza nyanya, mwalimu na mshona viatu wanakuja kujifunza kulia na kucheka kwa kuagizwa. Valerian hakutaka kabisa kuonekana mbele za watu, akapewa kazi za nyuma, akijenga milango isiyoelekea popote, akipaka rangi kuta za maturubai, akitunza vifaa, na usiku wa onyesho akivuta kamba ya pazia.

Pazia hilo ndilo lililomleta Theodora. Alikuwa binti wa Mzee Sirili wa Kirua, naye mwenyewe fundi cherehani mwenye kibaraza chake Njoro, akaitwa mwaka 1983 kushona pazia jipya, na siku ile akagombana na mfanyakazi mmoja aliyekanyaga kitambaa chake, na Bwana Kulwant, aliyekuwa amesimama mwisho wa karakana akisikia kila neno, akasema sauti hii haitaishia kwenye cherehani tu. Theodora akabaki kuigiza, Valerian akabaki kumtazama kutoka gizani, akamtengenezea meza mpya ya cherehani bila kuombwa, akawa anamsindikiza hadi kona ya nyumbani kwa shangazi yake baada ya mazoezi, na kila mtu karakanani alielewa kilichokuwa kinaendelea, isipokuwa neno lenyewe halikutamkwa. Alikuwa amejipangia kwamba atatuma washenga baada ya kumaliza kitanda na kabati la nyumba yake, na mnajua wenyewe seremala anavyotengeneza vyake, kila wiki anakuja mteja mwenye haraka na mbao zake zinaondoka.

Katikati ya mwaka 1984 akajiunga Jovin, bwana shamba wa upande wa Himo, ambaye pia yuko nasi leo, kijana wa pikipiki, mwimbaji wa kwaya, mtu aliyejua kahawa ya kila mama kati ya Himo na Marangu na kuisifia kana kwamba ni mtoto wao. Bwana Kulwant alimpa nafasi ya mchumba wa Theodora siku ya kwanza tu, bila kumjaribu mwingine, na Valerian akaanza kutotulia, akigonga misumari pasipohitaji misumari, hasa wakati Jovin akiwa na maneno marefu ya kusema.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo Kirua na Kilema wanalisimulia kila mmoja kwa namna yake, na familia inaomba leo lisikike kwa usahihi. Tarehe 26 Desemba 1984, watu wakiwa wamepanda nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, kikundi kilipanda Kirua kuonyesha igizo la posa kwenye uwanja wa kigango, igizo ambalo ndani yake kijana anapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa baba wa binti, baba anakunywa, na posa inakubaliwa kwa desturi yetu. Mazoezini walikuwa wakitumia uji mwepesi wa ulezi, lakini Valerian, aliyekuwa mtunza vifaa na hakutaka watu wa Kirua wacheke chungu cha uji, alipita nyumbani Kilema akamwomba mama yake mbege ya kweli, nayo ilikuwepo, Mama Kornelia alikuwa ameipika kwa sikukuu. Mwigizaji wa nafasi ya baba akaamka na malaria, Bwana Kulwant akaangaza macho kati ya watazamaji, akamwona mzee mwenye ndevu nzuri na koti, akamwambia asiwe na wasiwasi, akae tu kwenye kigoda na anywe akipewa. Mzee huyo alikuwa Sirili, baba mzazi wa Theodora.

Jovin akatokea mbele ya ukoo mzima wa Sirili amebeba chungu, akapiga magoti, akasema maneno yake vizuri kuliko mazoezini, na Mzee Sirili, ambaye hakuna aliyempa maneno yoyote, akapokea kata, akaonja, akanywa mpaka chini, akafuta ndevu na kusema kwa sauti ya mwenye mji, "Nimepokea. Binti ni wenu." Uwanja mzima ulipiga vigelegele, Bwana Kulwant akalia kwa furaha nyuma ya turubai, na Valerian akabaki ameshika kamba ya pazia, akijua kwamba mbege aliyoiomba kwa mama yake mwenyewe ndiyo iliyomposea mwanamume mwingine.

Kesho yake wazee wa Kirua walisema kwamba mbege ikishanyweka na baba akitamka mbele za watu hakuna igizo tena, kwa hiyo kijana wa Himo alete yanayofuata, na Jovin, badala ya kukataa, alicheka tu, akaacha wamwite mkwe. Valerian alirudi Kilema, akamweleza mama yake kwa mara ya kwanza kilichokuwa moyoni, na Mama Kornelia hakumgombeza kwa kuchelewa, alijifunga kitenge, akateremka bonde na kupanda upande wa pili hadi kwa Mzee Sirili, akasimama uani na kusema, "Baba Theodora, chungu ulichonywea ni changu, mbege niliipika mimi, na mwanangu ndiye aliyeibeba kutoka kwangu. Yule kijana mwingine alikuwa mchukuzi tu." Wazee walikaa juu ya jambo hilo mpaka jua likaegemea, wakaonja masalia ya chungu, wakakubaliana kwamba posa inafuata nyumba iliyopika, kwa hiyo mwenye kuposa ni Valerian.

Katika kikao chote hicho Theodora hakuwepo, alikuwa amesharudi Njoro kwenye cherehani yake, na hakuna mtu aliyemwuliza kitu, wala wazee, wala baba yake, wala Valerian mwenyewe alipokwenda kumpa habari. Yeye alisema sawa, akaendelea kukanyaga cherehani. Hapo ndipo wivu wa marehemu ulipopata makao ya kudumu, kwa sababu alimpata mwanamke aliyemtaka kwa hukumu ya wazee, na hakujua kama angempata kwa hiari yake mwenyewe, na swali hilo, kwamba angeulizwa angemchagua nani, hakuthubutu kumwuliza kwa miaka arobaini.

Ndoa yao takatifu ilifungwa tarehe 21 Septemba 1985 katika kanisa la Kilema, na Jovin aliimba kwenye kwaya, na wakati wa sherehe akasimama na glasi yake, akawaambia wageni, "Huyu mwanamke nimemposa mimi, mwenzangu amekuja kumchukua." Watu walicheka hadi machozi, bwana harusi akacheka pia, lakini picha ipo, mtaiona ukutani pale ndani, na katika picha hiyo hacheki.

Theodora aliendelea kuigiza, na kwa kuwa watu wa Moshi walikuwa wameshawazoea, Jovin aliendelea kuwa mume wake wa jukwaani, igizo baada ya igizo, naye Valerian aliendelea kuwa nyuma, asikose hata zoezi moja, awe na homa au mvua ya masika inyeshe. Igizo lilipotaka benchi la wapenzi alitengeneza benchi zuri la mninga lenye mkono wa mbao katikati ya wakaaji, na lilipotaka kitanda cha wanandoa alileta kitanda ambacho mtu mmoja mnene asingeweza kugeuka juu yake, na kwenye ukuta wa turubai alikuwa na tundu alilolitoboa kwa keekee, usawa wa jicho lake. Jovin akimshika Theodora mkono pazia lilikuwa linaanza kutikisika, akimkaribia zaidi lilifungwa, watazamaji wakabaki wanapiga makofi wasijue mwisho wa kisa, na Bwana Kulwant akikimbilia nyuma akiwa mwekundu alijibiwa kwamba kamba imeteleza. Mjini ikawa utani, mtu akikatishwa maneno anasema amefungiwa pazia la Valerian.

Kuna jambo ambalo wengi hamlijui. Nyumbani kwao Rau, mjini Moshi, jioni, Theodora akimenya ndizi za mtori, ni Valerian aliyemshikia karatasi na kumsomea maneno ya Jovin ili yeye ajifunze kujibu, na kidogo kidogo akawa hahitaji karatasi, akiyasema maneno yale ya mapenzi kati ya sufuria na jiko, polepole, vizuri ajabu, mpaka Theodora alikuwa akisahau zamu yake. Basi mwaka 1993 pikipiki ya Jovin iliharibika njiani ukumbi ukiwa umejaa, Bwana Kulwant akamsukuma Valerian mwanga ulipo, naye akasimama mbele ya mke wake, akamtazama, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka, Theodora akalazimika kusema maneno ya wote wawili huku watu wakidhani ndivyo igizo lilivyo. Tangu siku hiyo wivu wake ulikuwa mchungu zaidi, kwa sababu haikuwa tena kwamba Jovin anamkaribia mke wake, bali kwamba Jovin anaweza kumwambia kwa sauti, mbele ya watu, yale ambayo yeye mwenye mke aliweza kuyasema jikoni tu.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Melkior aliyezaliwa mwaka 1987 na kupewa jina la babu yake, Kornelia mwaka 1990 aliyepewa jina la bibi yake, na Calvin mwaka 1994, ambaye shangazi mmoja, kwa utani usiopimwa, alipendekeza aitwe Jovin, na shangazi huyo hakukaribishwa Rau mpaka mtoto alipoanza kutembea. Marehemu aliwasomesha wote, akawatengenezea kila mmoja kitanda, safari hii vipana, na alikuwa baba wa kushika mkono mtoto barabarani hata alipokuwa mkubwa wa kuona haya.

Hatutasema kwamba wivu ulikuwa wa kuchekesha tu, maana mwenye kuubeba aliumia na aliyeonewa aliumia zaidi. Mwaka 1998 alimfuata mke wake hadi soko la Himo, akamkuta amesimama na Jovin wakizungumza habari za miche ya kahawa ya Mzee Sirili, akamwambia mbele ya wauza ndizi maneno ambayo hatuyasomi, na Theodora alirudi nyumbani, akakunja mavazi yake yote ya jukwaani, akamrudishia Bwana Kulwant, akaacha kuigiza. Nyumba ikawa kimya, Jumamosi jioni alikaa kwenye cherehani akishona sare za shule, na Valerian, aliyekuwa amepata alichokitaka, aliona hawezi kukaa nacho, akaenda mwenyewe kwa Bwana Kulwant kuomba mke wake arudishiwe nafasi, na nafasi hiyo, wote walijua, ilikuwa ya mke wa Jovin. Theodora alirudi, naye Valerian akarudi kwenye kamba yake, na wivu ukarudi nao.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na kisukari, mwaka 2022 figo zikaanza kudhoofika, akawa akihudhuria hospitali ya rufaa mjini, na kuanzia Desemba mwaka jana alikuwa wa kitandani. Katikati ya Januari Jovin alikuja kumwona, mchana, Theodora akiwa jikoni nyuma, na msomaji wa historia hii, yaani Thadeus, alikuwepo chumbani akimwekea mgonjwa mto. Walizungumza habari za mvua, kisha Valerian akasema, "Jovin, kama mama yangu asingekwenda kwa Mzee Sirili, Theodora angekuwa wako?"

Jovin aliiweka kofia yake magotini. "Nilimwomba, Valerian," akasema. "Wiki kadhaa kabla ya igizo lile, nilimwomba kweli. Akanikataa. Akasema anamngoja seremala, hata akichelewa." Akaongeza kwamba ndiyo maana aliwaacha wazee wamwite mkwe, ilikuwa siku yake moja, na ndiyo maana aliigiza miaka yote ile, maana hakuwa na mahali pengine pa kuwa mume wake.

Mtu angetegemea mgonjwa apumue, ashukuru, amshike mwenzake mkono. Kaka yetu, ambaye kwa wiki nzima aliinuliwa na watu wawili, aliinuka mwenyewe, akakaa, akamtolea macho na kusema, "Kwa hiyo ulimwomba?" Alikataa chai mpaka Jovin alipoondoka. Miaka arobaini alikuwa amekosea juu ya mke wake, na juu ya Jovin alikuwa sahihi kila siku.

Jioni alimwuliza Theodora kwa nini hakumwambia. Mama Theodora ametuagiza tuyasome maneno yake kama alivyoyasema. "Hukuniuliza," alimjibu. "Na nilikuwa na hasira, mlinigawa kwa chungu cha mbege nikiwa sipo. Halafu nikaona unanitazama kila siku kama mtu ambaye bado hajanipata, nikaogopa kwamba nikikuambia utaacha kunitazama." Marehemu alilia, naye akalia, na kwa siku zilizobaki hakutaka alishwe na mtu mwingine ila yeye.

Hata hivyo hakupona wivu. Siku chache baadaye alimwita mdogo wake, akamwagiza kwamba siku ya mazishi Jovin asisimame karibu na Theodora. Alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Februari 2025, akiwa na mke wake pembeni, aliaga dunia kwa utulivu akiwa na umri wa miaka sitini na saba, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, Baba Paroko kwa sakramenti, majirani wa Rau mliolala nasi kwenye turubai, ndugu wa Kilema na Kirua mliochinja na kupika, mafundi wa Njoro mliotengeneza jeneza hili kwa mikono yenu mkikataa lolote la dukani, na Bwana Kulwant, uliyempa kazi na kumvumilia nyuma ya pazia lako kwa muda mrefu hivyo. Kuhusu agizo lake la mwisho, sisi wengine tuliona haya, tukasema wagonjwa husema mengi, liachwe, lakini Mama Theodora amekataa. "Nilimchagua yeye pamoja na wivu wake," amesema, "leo siwezi kumchagua nusu." Kwa hiyo shukrani zetu za mwisho ni kwako, Ndugu Jovin, uliyefika msibani kabla ya wote, na ulipoambiwa jambo hili jana ukainamisha kichwa na kusema ni haki yake: tutakapofika kaburini utasimama ng'ambo ya pili, pamoja na wazee wa Kirua. Mama atasimama peke yake upande wa kichwa, ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Valerian, hakuna aliyesimama mahali pako.